Pistoni imetoboka na nje ni baridi ya kufa mtu

Saa kumi na mbili asubuhi niko bichi ya Dunga, Kisumu, boti za usiku ndo zinaingia, akina mama wa samaki wako na mabeseni yao wanangoja, simu ikalia. WhatsApp. Ni kazin wangu wa Winnipeg, huko Kanada, kwao bado ni jana saa tatu usiku. Hakuna salamu, ni picha moja tu, pistoni, kile chuma hupanda na kushuka ndani ya silinda, imewekwa kwa kiganja na katikati kuna shimo unaweza pitisha kidole.

Chini yake akaandika: "Omera, huku ni nyuzi 28 chini ya sufuri. Enjini inaungua aje ndani ya friza?"

Nilicheka kwanza, samahani kazin. Halafu nikaona hii swali inastahili post nzima, juu hizo stori alianza kunitumia siku hiyo ni zile zile nasikia hapa ziwani tangu nikiwa kijana wa kushika spana kwa mjomba wangu kule Usenge. Yaani watu wako na theluji mpaka kiunoni na sisi tuko na mbu, lakini stori za jaba kuhusu enjini ni moja.

Kwa wale hawajui, kazin alinunua pikipiki ya theluji. Haina magurudumu, mbele iko na skii mbili za kukata kona na nyuma iko na mkanda mpana wa raba kama ile ya tingatinga, wenyewe wanaiita sled. Mimi theluji sijawahi kuona, karibu sana nimefika ni mvua ya mawe ya Kericho, ile huchapa majani chai mpaka shamba linabaki vijiti. Lakini ukifungua boneti ya hiyo kitu, hasa zile za zamani kama yake, unakuta enjini ya tu-stroki, ile huchoma oili pamoja na petroli, ya silinda mbili, kabureta, plagi, pampu ya oili. Mi hizo ndo kazi yangu. Enjini ya boti hapa ni Yamaha ya 15HP tu-stroki, silinda mbili pia, na nimezifungua hadi naota nazo.

Sasa rudi kwa baridi. Kazin na mabeshte wake wa huko walikuwa wanaamini kwamba baridi inalinda enjini, ati huwezi unguza kitu kwa hali ya hewa kama hiyo, endesha unavyotaka. Ni kinyume kabisa. Hewa ikipoa inashikana, inakuwa nzito. Chukua lita moja ya hewa ya Kisumu saa saba mchana, sema nyuzi 30, halafu chukua lita moja ya hewa ya nyuzi 30 chini ya sufuri, presha iwe sawa, hiyo ya baridi imebeba karibu robo zaidi. Kabureta nayo haina akili. Inapima petroli kwa katundu kadogo kanaitwa jeti na hako katundu hakajui kumeingia kipupwe. Kwa hivyo hewa imejaa ndani, petroli ni karibu ile ile, mchanganyiko unakauka, moto unakuwa mkali kuliko kawaida. Aluminiamu ya pistoni inayeyuka kwa kama nyuzi 660 na moto wa ndani ya silinda unapita hapo mbali sana, kinachookoa pistoni kila mara ni kwamba inapata nafasi ya kupoa kabla ya moto mwingine, na sehemu ya kupoa kwake ni hiyo petroli mbichi inayoingia. Punguza petroli, ongeza hewa, fungua throto yote kwenye mto ulioganda kwa dakika kumi, utapata shimo kama la kazin.

Nikamuuliza, hiyo pikipiki ilitoka wapi? Akasema kuna jamaa aliileta kutoka milimani British Columbia, ilikuwa inapandishwa huko juu kabisa.

Nikaweka chai chini. Hapo ndo case ilifungwa, karibu.

Ukienda juu mlimani hewa inakuwa nyepesi, enjini inapoteza nguvu kama asilimia 3 kwa kila mita 300, na mwenye akili anaweka jeti ndogo ili petroli isizidi hewa. Sasa toa hiyo mashine mlimani na hizo jeti ndogo zake, ilete Winnipeg ambayo ni tambarare, haifiki hata mita 250 juu ya bahari, halafu ongeza baridi ya Januari juu yake. Hewa imeongezeka mara mbili, kwanza kwa kushuka, pili kwa baridi, na petroli imebaki ya mlimani. Nilimwambia afungue kabureta asome namba iko kwa jeti alinganishe na jedwali la kiwanda, lile linaonyesha jeti gani kwa mwinuko gani na baridi gani. Alikuwa na hilo jedwali miezi miwili, limebandikwa hapo hapo kwa mashine, alidhani ni mambo ya insurance.

Sisi huku tunaonaga upande wa pili wa hii maneno na hatujui. Ziwa letu liko juu, kama mita 1,130 na kidogo, kwa hivyo ile 15HP unayolipia pesa ya 15HP, hapa maji yetu inakupa kama 13 na kitu. Si kwamba umeuziwa feki! Kuna jamaa alileta enjini ya mtumba kutoka Mombasa, ilikuwa inavuta vizuri baharini, kufika huku plagi zinatoka nyeusi tii na moshi mwingi, akaambiwa na bichi nzima ati ringi za pistoni zimeisha. Ringi zilikuwa safi. Jeti tu, ilikuwa ya usawa wa bahari, hewa ya huku haitoshi hiyo petroli yote. Na boda wa kubebea watu Timboroa, zaidi ya mita 2,700, akikwambia Boxer yake imechoka ikipanda, mwambie ni hewa imechoka.

Kuna stori ingine ya baridi inafanana na hii lakini si hii, ile ya kuwasha asubuhi. Mmoja anasema washa, vuta waya, enda, itapata joto njiani. Mwingine anasema iache inguruma nusu saa. Wote wamekosea ila wa kwanza amekosea kwa gharama. Pistoni ni alumini, inapata joto haraka na inatanuka haraka, na silinda kwa nje bado imezungukwa na maji baridi kama kifo, kwa hivyo pistoni inanenepa ndani ya nyumba ambayo bado haijanenepa. Inashika. Enjini nzima, oili iko, petroli iko, na imeshika kwa kilomita ya kwanza. Dakika chache za kunguruma zinatosha, halafu unaenda polepole mpaka joto lisambae. Ukikaa nusu saa kwa slo unajaza plagi oili tu na kuudhi majirani.

Sasa oili, hapa ndo mimi na mjomba tulikosana mwaka mmoja mzima.

Tu-stroki haina sampu ya oili kama boda. Oili inachanganywa na petroli, au pampu inaidondosha kidogo kidogo, inapita, inalainisha krenki (ile shafti inazungushwa na pistoni) na beringi na pistoni, halafu inachomwa. Hesabu ya kawaida ni lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, ikiwa mpya bado inazoeshwa unaweka zaidi. Mjomba alikuwa wa ile shule ya "ongeza kidogo ya usalama." Kila mvuvi ni wa hiyo shule. Kumwagia oili mara mbili ya kipimo wanaona ni kama kuongezea mtoto ugali. Na ukiangalia kwa macho ya kawaida ina sense kabisa, oili ni kulainisha, zaidi ni bora.

Lakini hebu fikiria ile jeti tena. Katundu kale kale, kinachopita ni kile kile. Ukijaza oili kwa mchanganyiko, kila tone linalopita limebeba petroli kidogo kuliko awali. Yaani umeongeza oili na hapo hapo umekausha mchanganyiko. Unafikiri umeweka mto na kumbe umetoa godoro. Juu ya hiyo unapata kaboni inajenga kwa mlango wa ekzosi na kwenye ringi mpaka ringi zinakwama kwa mifereji yao, presha ya ndani ya silinda inashuka, halafu unaambiwa "unaona, oili ilikuwa kidogo," unaongeza tena. Nimewahi kutoa kaboni kwa ekzosi ya boti moja hapa na bisibisi na nyundo, inatoka vipande kama makaa.

Na kazin, bila kuambiwa na mtu, alikuwa anamwaga oili kwa tangi la petroli na pampu ya oili inafanya kazi vizuri kabisa. Mara mbili. Damu haidanganyi, huyo ni wa mjomba.

Aina ya oili pia ina maneno. Oili ya boti imeandikwa TC-W3 kwa mkebe, hiyo haiachi majivu, imetengenezewa enjini inayopozwa na maji ya ziwa au bahari. Oili ya boda ya fo-stroki ukiichanganya na petroli ya boti (na watu wanachanganya, ikiwa mkononi hakuna ingine) ina madawa ndani yake ambayo yakiungua yanaacha majivu, majivu yanakaa juu ya pistoni yanawaka mekundu kama makaa na kuwasha petroli kabla plagi haijapiga. Kazin alikuwa ametumiwa ushauri kwamba TC-W3 ni oili bora duniani aweke hata kwa sled. Sled inazunguka haraka na inapata joto kuliko enjini ya boti, na kwa baridi ile oili lazima iendelee kutiririka, ndo maana wako na oili yao.

Halafu ile ya kilomita. Muuzaji alimwambia "imetembea kidogo sana, angalia mita." Ilikuwa kweli! Mashine ya miaka 18 na haijafika hata kilomita 3,000. Kazin alifikiri ameokota dhahabu. Mimi nikisikia enjini ya tu-stroki imekaa miaka bila kutumika najikuna kichwa, kwa sababu krenki iko na sili za raba pande zote mbili, na raba ikikaa kavu inakuwa ngumu kama kandambili ya jua. Hapo inaingiza hewa ya wizi ambayo haijapita kabureta, na mchanganyiko unakauka tena. Kabureta nayo inajaa ile gundi ya petroli iliyooza, na huko panya wanajenga nyumba kwa boksi ya hewa wakati wa joto. Huku tuko na hiyo kitu sana mwezi wa nane. Omena inafungwa tarehe 1 Aprili mpaka 31 Julai, wengi wanafunika enjini na karatasi na kwenda shamba, Agosti mosi wanavuta kamba hadi bega linauma halafu wananiita ati niombee enjini. Si maombi. Ungemaliza petroli kwa kabureta kabla ya kuifunika.

Nikamwambia kazin kabla hujaweka pistoni mpya badilisha sili za krenki, usiniulize kama ni lazima.

Sasa hii nyingine nitaongea nayo taratibu kwa sababu naipenda. Ekzosi. Vijana wa Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, wanatoboa ekzosi za boda zao, wanatoa vitu vya ndani, inalia kama risasi usiku na wanakuapia imeongeza spidi. Kwa fo-stroki unapata kelele na ka-kitu kadogo ambako hata si cha maana kama hujagusa kabureta. Lakini kwa tu-stroki, ukikata ekzosi umekata enjini. Ile bomba ya sled, ukiiona, ni nene katikati na nyembamba mwisho kama nyoka amemeza sungura. Hilo tumbo si pambo. Mlipuko ukitoka unasukuma wimbi la presha ndani ya bomba, wimbi linafika pale bomba linaanza kunywea, linagonga, linarudi, na likirudi kwa wakati unaofaa linakuta petroli mbichi imeanza kutoroka kwa mlango wa ekzosi na linairudisha ndani kwa nguvu. Ni kama kuwa na askari mlangoni. Hakuna valvu, hakuna chuma kinachosonga, ni umbo la bomba pekee.

Aliyelifanyia hilo jambo kazi mpaka likaeleweka ni mhandisi wa Ujerumani Mashariki, Walter Kaaden, kwenye kampuni ya pikipiki ya MZ miaka ya 1950, kampuni maskini kweli kweli, hata vyuma vizuri ilikuwa taabu kupata. Na mwaka 1961 dereva wao Ernst Degner akatoroka mashindano yakiwa Sweden, akaenda zake Suzuki na hiyo siri kichwani, 1962 Suzuki wakachukua ubingwa wa dunia wa 50cc. Siri ya bomba! Siku ingine nikipita Kondele nikiona kijana na hacksaw namkumbuka Kaaden roho inaniuma.

Hapa mtu ataniuliza, kwani si tu-stroki zinakufa haraka kwa hali yoyote? Hapana, na pia ile ya ati fo-stroki haifi kamwe, ni mbili zote za uongo. Tu-stroki inalipuka kila mzunguko wa krenki, fo-stroki inalipuka kila mizunguko miwili, kwa hivyo kwa ukubwa ule ule tu-stroki inakupa nguvu zaidi na uzito kidogo, na kwa theluji laini uzito ndo adui, ukizama huko ni wewe na koleo. Fo-stroki inakunywa kidogo na ikitunzwa inatembea sana, lakini siku ikinoki utajua bei ya valvu na kamshafti. Mimi tu-stroki naifungua chini ya mwembe na boksi moja ya spana. Na hizi za siku hizi za injeksheni badala ya kabureta zinapima hewa na joto zenyewe, hiyo shida ya jeti ya kazin haingetokea.

Ya brandi nitapita haraka kwa sababu watu hupigana. Ski-Doo ilianza Valcourt, Quebec, mwaka 1959 chini ya Joseph-Armand Bombardier, na enjini zake hutoka Rotax, Austria. Polaris na Arctic Cat ni za Minnesota. Nilipowaambia wavuvi kwamba Yamaha yao ilikuwa inatengeneza pikipiki za theluji tangu 1968 hakuna aliyeniamini, na nilipoongeza kwamba 2023 walitangaza wanaacha hiyo biashara mzee mmoja akasema "wameona ziwa ndo kuna pesa." Kila moja nimeona watu wanaiapia na kila moja nimeona pistoni yake imetoboka kwa picha za kazin.

Kitu kingine, si kila "enjini haina nguvu" ni enjini. Sled haina gia, iko na puli mbili na mkanda mwingine, si ule wa theluji, unaopanda na kushuka kwenye puli zenyewe. Mkanda ukiisha au puli zikichafuka, enjini inapiga kelele hadi mbinguni na mashine inatembea kama kobe, mtu anaenda kununua pistoni. Hapa ni propela, ile raba ya ndani ikiachia, enjini inalia na boti imesimama. Nimeona mtu amefungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, kwa shida ya propela. Hedi!

Na joto. Hii nilicheka mpaka kazin akakata simu. Kumbe sled nyingi zinapozwa na theluji yenyewe, ule mkanda mpana wa nyuma unarusha theluji juu kwa vyuma vya kupozea viko chini ya kiti, maji ya enjini yanapita humo. Kwa hivyo ukiendesha kwa barafu ngumu tupu, hakuna theluji ya kurushwa, enjini inachemka uko katikati ya barafu. Wanafunga vyuma vya kukwaruza barafu ili ipate vumbi la theluji.

Nilicheka lakini sikucheka sana, kwa sababu mimi niliua enjini ya mjomba juu ya maji, ziwa la pili kwa ukubwa duniani la maji yasiyo na chumvi. Hayasinthi, ile gugu ya kuelea. Tulipita katikati ya hiyo majani tukitoka Dunga, ikaziba mahali enjini inavuta maji, na mimi nilikuwa napiga stori badala ya kuangalia kama enjini inakojoa. Kila mtu wa boti anajua, ile mkojo wa maji nyuma ikikatika unazima hapo hapo. Nilikuja kusikia harufu. Halafu kimya. Tulipiga kasia kurudi na mjomba hakusema neno hata moja njia yote, afadhali angenitukana.

Mafuta sina mengi. Petroli ya bei ya juu haiongezi nguvu kwa enjini ambayo haikuiomba, inazuia tu kugonga. Na mafuta taa kidogo kwa petroli ya jerikani haikuongezei safari, inakuharibia. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 kuzuia huo mchezo, kwa hivyo hata faida yake ilipungua.

Wiki tatu baadaye kazin akanitumia sauti. Pistoni mpya, sili mpya, jeti ya jedwali. Nikaweka simu kwa sikio la mjomba, alikuwa amekuja Kisumu hospitali, tukasikiliza pamoja: inguruma, inavuta, inashuka, safi, hakuna kugonga. Mjomba akatingisha kichwa ile ya kukubali. Halafu mwisho wa sauti kazin akasema, akiwa na furaha kabisa, "na nimeongeza ka-oili kidogo kwa tangi, ya usalama."

Nikamwangalia mjomba. Mjomba akasema, "Umesikia? Huyo ndo anaelewa."